Rada ipi ya angani ikufae: Sentinel-1, NISAR, ALOS na zile za kulipia

Mtu anayetaka kuanza kutumia picha za setilaiti za rada huuliza kwanza swali alilolizoea kwenye kamera: pikseli yake ni ya meta ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulizwa humpeleka mnunuzi kwenye picha kali ya gharama kubwa isiyojibu anachokitafuta. Kwa rada, mambo mawili hutangulia ukali wa picha. La kwanza ni urefu wa wimbi ambalo setilaiti hulituma, kwa kuwa ndio unaoamua wimbi hilo litagota kwenye nini. La pili ni idadi ya siku zinazopita kabla setilaiti haijarudi juu ya mahali palepale kwa kufuata njia ileile. Ulinganisho huu unafuata mpangilio huo, na umewakusudia watumishi wa idara za ardhi, misitu, maji na maafa, pamoja na wanafunzi wa jiografia na upimaji, katika nchi zetu ambako masika huja na wingu linaloweza kukaa wiki nzima bila kupasuka.

Wingu hilo ndilo linalotufanya tuhangaike na rada. Setilaiti za kamera, kama Taifa-1 ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023 au Sentinel-2 za Ulaya, hutegemea mwanga wa jua, na siku ya mafuriko hukuletea picha nzuri sana ya mgongo wa wingu. Rada hubeba taa yake yenyewe. Hutuma mawimbi ya redio kwa kuelekea ubavuni, husikiliza mwangwi unaorudi, na kwa kuwa inakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilometa 7 kwa sekunde, kompyuta huweza kuunganisha miangwi iliyopokelewa njiani kana kwamba antena moja ndefu mno ilikuwa imetandazwa angani. Usiku na mchana kwake ni sawa, na mawimbi yake hupenya wingu.

Anayefungua picha ya aina hii kwa mara ya kwanza hudhani anatazama televisheni iliyokosa mawimbi, kwa maana ni kijivu kilichojaa chengachenga. Chenga hizo si ubovu wa chombo. Hutokana na miangwi ya vitu vingi vidogo ndani ya pikseli moja kukutana, mingine ikiongezana na mingine ikifutana. Macho yakizoea, vitu huanza kujitenga. Maji tulivu ni meusi, kwa kuwa hulirusha wimbi upande wa pili kama kioo kilichoinamishwa. Mji hung'aa, kwa kuwa wimbi hugonga ardhi, likagonga ukuta, likarudi lilikotoka. Milima ya Usambara au Uluguru huonekana kama imelala, vilele vyake vikiwa vimeangukia upande wa setilaiti, na mabonde ya upande wa pili yakiwa gizani, ambako hakuna data yoyote ya kuokoa.

Washindani wenyewe ni hawa. Sentinel-1 ya mpango wa Copernicus wa Ulaya hutumia bendi (yaani kundi la mawimbi ya urefu unaokaribiana) ya C, yenye wimbi la takribani sentimeta 5.5, na katika hali yake ya kawaida juu ya nchi kavu hupiga ukanda wenye upana wa kilometa 250 kwa ukali wa meta 5 kwa 20. NISAR, ya Marekani na India, iliyorushwa kutoka Sriharikota tarehe 30 Julai 2025, hubeba rada mbili: ya bendi ya L yenye wimbi la sentimeta 24 na ya bendi ya S yenye wimbi la sentimeta 9 hivi, zote zikitumia kioo cha antena chenye kipenyo cha meta 12 kilichokunjuliwa angani kama mwavuli. Japani ina ALOS-2, ya tangu Mei 2014, na ALOS-4, iliyorushwa Julai 2024, zote za bendi ya L. Kundi la mwisho ni la bendi ya X, yenye wimbi la sentimeta 3 hivi. Humo zimo TerraSAR-X ya Ujerumani ya mwaka 2007, COSMO-SkyMed za Italia, na setilaiti ndogo za kampuni kama ICEYE ya Finland na Capella na Umbra za Marekani. ICEYE ya kwanza, iliyorushwa Januari 2018, ilikuwa ya chini ya kilo 100, ilhali Sentinel-1 moja ina uzito wa zaidi ya tani 2.

Mafuriko: nani anafika kwanza, na nani ana picha ya jana

Kwa mafuriko ya mabondeni na mashambani, Sentinel-1 ndiyo ya kuanza nayo, na sababu yake si ukali. Sababu ni kwamba ina kumbukumbu. Tangu mwaka 2014 imekuwa ikipita njia zilezile na kupiga picha kwa pembe ileile, iwe kuna maafa au hakuna. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yanaonyesha jambo hili vizuri. Ukiweka picha ya kabla ya maji juu ya picha ya baada, zote za njia moja, mto na mabwawa ya kudumu hubaki vyeusi katika picha zote mbili, ilhali mashamba yaliyofunikwa hubadilika kutoka kijivu kuwa meusi. Tofauti hiyo ndiyo ramani ya mafuriko. Mfumo wa Copernicus wa kufuatilia mafuriko duniani hufanya kazi hiyo wenyewe kwa kila picha ya Sentinel-1 inayoingia, na matokeo hupatikana ndani ya saa chache bila malipo.

Udhaifu wake ni siku. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 12, na karibu na ikweta kanda za njia jirani hazilaliani sana, kwa hiyo maji yanaweza kupanda na kushuka katikati bila kuonekana. Mpango wa awali ulikuwa wa setilaiti mbili zilizopishana ili muda huo uwe siku 6, lakini Sentinel-1B ilipata hitilafu ya umeme Desemba 2021 na haikupona, tukabaki na moja kwa karibu miaka mitatu. Sentinel-1C ya Desemba 2024 na Sentinel-1D ya Novemba 2025 zilirushwa ili kuirudisha jozi hiyo.

Hapo ndipo bendi ya X ya kulipia inapopata hoja yake. Kampuni yenye kundi la setilaiti ndogo inaweza kuelekeza mojawapo juu ya mji wako leo na nyingine kesho alfajiri, kwa ukali wa chini ya meta 1, na katika hali kali zaidi hadi sentimeta 25 au chini yake. Ukitaka kujua ni mtaa upi umezingirwa na daraja lipi limekatika, Sentinel-1 haitakujibu. Mjini maji hujificha kati ya kuta zinazong'aa. Lakini picha kali hufunika eneo dogo, mara nyingi kilometa 5 kwa 5 tu, na mvua kubwa sana yenyewe hulidhoofisha wimbi fupi la bendi hii zaidi kuliko mawimbi marefu.

Niliwahi kuletewa ramani ya mafuriko ya mji mmoja, iliyotengenezwa na ofisi ambayo sitaitaja, kwa picha moja tu ya bendi ya X iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Picha ilikuwa kali kiasi cha kutofautisha malori yaliyoegeshwa. Ramani ilionyesha uwanja wa ndege umezama, barabara kuu mbili zimezama, na kiwanja cha mpira kimezama. Lami laini na ardhi kavu iliyosawazishwa hurusha wimbi kama maji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameagiza picha ya siku za ukavu kwa pembe ileile, hapakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Makosa ya namna hii hujitokeza sana katika maeneo ya mchanga ya kaskazini mwa Kenya, hata kwa Sentinel-1, isipokuwa kwamba kwa Sentinel-1 picha ya mwezi uliopita ipo tayari na haina bei.

Kabla ofisi ya umma haijanunua chochote wakati wa maafa, ni vyema iulize kama nchi inaweza kuuamsha Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Maafa Makubwa, unaofanya kazi tangu mwaka 2000, ambao mashirika wanachama wake hutoa picha za dharura bila malipo, zikiwamo za rada.

Misitu: wimbi refu linaingia ndani

Hapa mizani hugeuka. Wimbi hugongana zaidi na vitu vinavyokaribiana nalo kwa ukubwa. Bendi ya X hugota kwenye majani ya juu. Bendi ya C hupenya kidogo na kukutana na vijiti. Bendi ya L hupita majani na kufika kwenye matawi makubwa na mashina. Ndiyo maana msitu mnene na kichaka kilichoota upya vinaweza kufanana kabisa kwenye Sentinel-1, lakini kwenye ALOS au NISAR vikatofautiana.

Hata hivyo, swali la msitu lina sura mbili. Ukiuliza “ni wapi miti imekatwa wiki hii?”, Sentinel-1 inatosha. Tahadhari za ukataji zinazoitwa RADD, zilizobuniwa na Chuo Kikuu cha Wageningen na kuanzia katika misitu ya bonde la Kongo, hutegemea data zake kwa pikseli za meta 10, na huliona pengo jipya hata katika miezi ambayo kamera haioni kitu. Ukiuliza “msitu huu una mbao kiasi gani?” au “je, chini ya mikoko hii kuna maji?”, unahitaji bendi ya L. Ramani za dunia za mikoko za Global Mangrove Watch zilijengwa kwa rada za Japani za bendi hiyo, na delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani yetu, imo ndani yake. JAXA, shirika la anga la Japani, hutoa bure mosaiki (picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja) za kila mwaka zenye pikseli za meta 25, na kwa mtu wa misitu asiye na intaneti ya kasi huo ndio mwanzo mwepesi kuliko yote, kwa kuwa kazi ngumu imekwisha kufanywa.

Kati ya ALOS na NISAR, ningechagua NISAR kwa kazi mpya. ALOS-4 inapiga ukanda wa kilometa 200 kwa ukali wa meta 3, jambo la ajabu kwa bendi ya L, lakini picha zake kamili hazigawiwi kwa uhuru ule wa NISAR, ambayo data zake hutolewa bure kupitia kituo cha Alaska Satellite Facility na ambayo hupita njia ileile kila siku 12, ikipanda kuelekea kaskazini na ikishuka kuelekea kusini. Bendi yake ya S, tahadhari, hulenga zaidi India na maeneo teule, kwa hiyo usiijengee mpango wako. Faida ya ALOS ni historia: bendi ya L ya Japani inarudi nyuma hadi JERS-1 ya miaka ya 1990, na anayetaka kuonyesha jinsi msitu ulivyopungua kwa miongo hawezi kuikwepa.

Setilaiti ya Biomass ya Ulaya, iliyorushwa Aprili 2025, ni ya kipekee. Wimbi lake ni la sentimeta 70 hivi na ramani zake za uzito wa msitu ni za pikseli za meta 200. Haifai kumkamata mchoma mkaa. Inafaa kupima hewa ukaa iliyomo katika msitu wa Kongo, na kwa bahati, kanuni za kulinda rada za kijeshi za kufuatilia vyombo vya angani zinaizuia kufanya kazi juu ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, si juu yetu.

Ardhi inayovimba na kubonyea

Katika kazi hii rada haina mpinzani. Picha mbili za njia moja, zilizopigwa kwa siku tofauti, hulinganishwa si kwa mwanga wake bali kwa awamu ya wimbi lililorudi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake, mbinu iitwayo interferometria. Ardhi ikisogea kuelekea setilaiti kwa nusu ya urefu wa wimbi, picha ya tofauti hiyo, inayopakwa rangi, hukamilisha mzunguko mmoja wa rangi. Kwa bendi ya X mzunguko huo ni sentimeta 1.5 hivi, kwa bendi ya C ni 2.8, na kwa bendi ya L ni 12. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani wimbi fupi ndilo bora daima, maana hugundua mwendo mdogo zaidi. Tatizo ni kwamba awamu hudumu pale tu ambapo uso wa ardhi haujabadilika kati ya picha mbili, na jani la mgomba hutikisika kila dakika.

Bonde la Ufa limetupa mifano ya pande zote. Katika nyanda kavu kusini mwa Ziwa Natron, Julai 2007, magma ilipojipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai, Envisat, setilaiti ya zamani ya Ulaya ya bendi ya C, iliuona mwendo huo vizuri kabisa, na miezi michache baadaye Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Nchini Kenya, picha za Envisat na za watangulizi wake, ERS, za kati ya 1997 na 2008 zilionyesha volkano zilizodhaniwa zimelala zikipumua: Longonot ilipanda takribani sentimeta 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka takribani sentimeta 21 ndani ya miezi 9. Hizo ni sehemu zenye mimea michache. Peleka bendi ya C kwenye mashamba ya migomba ya Bukoba au Rungwe, na baada ya siku 12 utapata kitambaa cha rangi zilizochanganyikana bila maana yoyote. Pale NISAR ndiyo ya kutegemea.

Goma ni mfano wa kati. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yakaendelea hata baada ya lava kusimama pembezoni mwa mji, picha za Sentinel-1 na rada nyingine zilionyesha ardhi ikitanuka kwa mstari kuelekea kusini, chini ya mji na hadi Ziwa Kivu, yaani magma ilikuwa inatembea chini ya watu. Tarehe 27 Mei sehemu ya mji iliamriwa kuhama. Mwendo ulikuwa mkubwa na nyumba ni nyingi, na nyumba, tofauti na migomba, hazitikisiki; ndiyo maana hata bendi ya C iliweza.

Bendi ya L nayo ina gonjwa lake, ambalo kwetu huuma zaidi kuliko Ulaya. Tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme hulichelewesha wimbi refu zaidi kuliko wimbi fupi, na tabaka hilo huchafuka sana karibu na ikweta. Ukiona michirizi mipana isiyofuata mlima wala mto wowote kwenye matokeo ya NISAR au ALOS, usikimbilie kuandika ripoti ya tetemeko.

Kwa jengo moja, daraja au ukuta wa bwawa, hali ni nyingine: bendi ya X yenye pikseli ndogo na marudio ya siku 11 ya TerraSAR-X huweza kutofautisha nguzo moja na nyingine. Gharama yake huhalalishwa na thamani ya bwawa lenyewe.

Baharini

Meli ya chuma hung'aa kwenye bahari nyeusi hata ikiwa imezima kifaa chake cha utambulisho, na Sentinel-1 inatosha kuihesabu. Ngalawa na mtumbwi wa mbao havitaonekana, na anayetaka kufuatilia vyombo vidogo kwenye mlango wa Zanzibar hana budi kugeukia bendi ya X, tena siku ya bahari shwari. Mafuta yaliyomwagika huonekana kama doa jeusi kwa kuwa hutuliza viwimbi vidogo vya juu, lakini upepo ukilala, sehemu safi ya bahari nayo huwa nyeusi vilevile, hivyo taarifa ya upepo wa saa ile ni lazima.

Kuzipata na kuzichakata

Faili moja ya Sentinel-1 yenye mwanga peke yake ina takribani gigabaiti 1, na ile yenye awamu kwa ajili ya interferometria ina takribani 4 au zaidi. Anayelipia bando hatakiwi kuzipakua kwa mazoea. Kivinjari cha Copernicus huonyesha picha papo hapo; Google Earth Engine huchakata za mwanga bila kuzishusha, ingawa zenye awamu haina; na kituo cha Alaska kina huduma ya kutengeneza jozi za interferometria kwenye seva zake, nawe ukapakua matokeo tu. Programu ya SNAP, ya kuchakatia picha hizi kwenye kompyuta yako, ni ya bure, ila kompyuta yenye gigabaiti 8 za RAM itakufundisha subira. Kwa bendi ya X, mwanafunzi au mtafiti anaweza kuandika pendekezo kwa shirika la anga la Ulaya, au kwa lile la Ujerumani kuhusu TerraSAR-X, akapewa picha kwa ajili ya utafiti.

Ningekuwa naanzisha dawati la rada katika ofisi ya wilaya au kaunti, ningeanza na Sentinel-1 kwa mwaka mzima, nikaongeza NISAR pale kazi inapohusu msitu au volkano yenye mimea, na fedha za bendi ya X ningeziweka kando kwa ajili ya siku ya dharura mjini, baada ya kuagiza mapema picha moja ya ukavu ya kila mji unaofurika. NISAR imepangiwa kipindi cha msingi cha miaka 3, kwa hiyo mpango wa miaka kumi bado uegemee Sentinel-1, huku tukiitazama ROSE-L, rada ya bendi ya L ambayo Ulaya inaijenga.

Jozi ya kwanza ya picha iteuliwe kwa uangalifu huu: namba ya njia iwe ileile, uelekeo uwe uleule wa kupanda au kushuka, na tarehe ya kwanza iwe ya kiangazi, kabla mvua haijagusa ardhi.